Maji Usiyoyafika

Mabibi na mabwana, ndugu zangu wa baharini, hamjambo. Swali la jioni hii ni moja. Mtu aliyepiga mbizi mara 300, mwenye vyeti na vyombo vyake mwenyewe, akifika pwani asiyoijua, ana haja ya mwenyeji wa kumwongoza?

Anayo haja, ila si ile inayodhaniwa na wengi. Hahitaji wa kumshika mkono. Kutulia ndani ya maji bila kupanda wala kushuka, kuvuta pumzi taratibu, kutazama geji ya hewa bila kukumbushwa, hayo yamo mwilini mwake na atasafiri nayo popote. Lakini kujua maji ya mahali fulani hubaki mahali hapo. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, na waliosema hivyo hawakumtoa mwenye vyeti.

Tutazame hapa kwetu Mombasa. Kuanzia Nyali hadi Shanzu ufuo umekingwa na mwamba, na chombo hutoka nje kupitia mlango, yaani pengo la mwamba. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Siku za maji mafu hukaribia mita 1 tu. Sasa sikizeni: siku za bamvua hapa Mombasa maji hupwa kabisa kwenye saa 4 au saa 5 asubuhi. Ndiyo saa ambayo mgeni amemaliza chai na anataka kupanda boti. Kabla ya hapo maji ya ndani yamekuwa yakikimbilia mlangoni kutoka, yamebeba mchanga na majani ya bahari. Yakikutana na mawimbi yanayoingia, mawimbi yale husimama, yakawa mafupi na makali, na chini huoni mapezi ya mwenzako. Mwenyeji huondoka mapema asubuhi mlango ukiwa bado na kina, au hungoja maji yaanze kujaa, yale safi ya bahari kuu yanapoingia. Kesho yake saa hizo zitakuwa zimesogea mbele kwa dakika 50 hivi.

Kisha kuna misimu. Mkondo wetu huelekea kaskazini mwaka mzima, lakini wakati wa kusi hupata nguvu, na mwezi wa 6 hadi wa 8 bahari huchafuka. Kaskazi ikiingia maji hutulia na kuangaza. Hayo mgeni anaweza kuyasoma kabla ya kusafiri. Asichoweza kukisoma ni mkondo wa leo.

Chukueni meli ya Dania, iliyozamishwa kwa makusudi mwaka 2002 nje ya mwamba wa Bamburi, nayo imesimama kwenye mchanga, kina cha mita 30 hivi. Nahodha hushusha kamba yenye uzito mahali ilipo, na boya hubaki juu. Kabla hamjavaa mitungi, litazameni boya lile. Likisimama tu, na kamba ikashuka wima, endeleeni. Likiacha mkia wa maji nyuma yake kama mashua inayokwenda, mkondo upo na mtashuka mmeishika kamba. Boya likizamishwa na maji, rudini. Na hata juu pakitulia, huenda chini ni tofauti na juu, kwa hiyo kiongozi hutangulia kushuka mita chache. Huangalia samaki wadogo: wakielekeza vichwa vyote upande mmoja, huko ndiko mkondo unakotoka. Huangalia mapovu yake pia, kama yanapanda wima au yanakwenda kando.

Tupige hesabu ya hewa, maana ndipo wazoefu wanapojidanganya. Mtungi wa kawaida wa aluminiamu ni lita 11, ukijazwa hadi shinikizo la baa 200 una lita 2,200 za hewa. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika juu ya maji, kwenye mita 30, kwa shinikizo la huko, atatumia mara 4, yaani lita 80. Wengi hupanga kufika juu na baa 50, na hawaulizi waanze kupanda wakiwa na ngapi. Tuseme mwenzako ameishiwa, mnavuta mtungi mmoja kwa hofu, lita 30 kila mtu, jumla 60. Dakika 1 ya kutulizana huko chini ni lita 240. Kupanda dakika 3 ni lita 450. Kusimama dakika 3 kwenye mita 5, kituo cha usalama kabla ya kufika juu, ni lita 270. Hizo ni lita 960, karibu baa 90. Kwa hiyo ukifika baa 90 unaanza kupanda, na muda wako wote kuanzia unapozama ni kama dakika 15. Ukitumia dakika 5 kuitafuta meli, theluthi imekwisha. Kiongozi anayekushusha juu ya meli yenyewe anakuokolea dakika hizo. Lakini hewa yake si akiba yako, na kompyuta yake ya mkononi, inayohesabu kina na muda, haihesabu mwili wako. Mzoefu anayeacha kutazama geji kwa sababu yupo kiongozi yuko hatarini kuliko aliye peke yake.

Nataka nikae kidogo kwa nahodha, maana husahaulika. Mkondo wa mita 30 kwa dakika ni mwendo wa kutembea polepole, na bado huwezi kuushinda kwa kuogelea muda mrefu. Ndani ya dakika 20 umekusogeza mita 600. Kukiwa na mawimbi ya kusi, kichwa cha mtu kwenye umbali huo hakionekani. Hapo uhai wako umo mikononi mwa mtu aliyekaa nyuma ya mashine, ambaye mara nyingi hakuwepo mlipokuwa mkipewa maelezo, na maelezo yenyewe yalikuwa kwa Kiingereza. Kiongozi wa hapa ndiye daraja lenu. Yeye atamwambia kwa Kiswahili: tukipita dakika 45 hujatuona, fuata mkondo kuelekea kaskazini, usingoje penye boya.

Nawe saidia. Beba boya refu la kujaza hewa, la rangi ya machungwa, mita 1.5 au zaidi, na kamba yake. Lirushe ungali mita 10 hadi 12, nahodha aanze kukufuata kabla hujafika juu. Kamba usiifunge kwenye jaketi lako la kuelea. Ikikwama, boya litakuvuta juu kwa kasi. Ishike mkononi uweze kuiachia.

Ziko pwani ambako mzoefu hahitaji kiongozi. Bonaire, kule Karibi, unaingia majini kwa miguu kutoka ufuoni, na mawe yaliyopakwa rangi ya manjano kando ya barabara yanaonyesha pa kuingilia. Hata huko kwanza unalipia hifadhi, kisha unapiga mbizi ya majaribio. Visiwa vya Galápagos, huko Ekuado, ni kinyume: kiongozi mwenye leseni ni sharti la hifadhi, uwe na mbizi 10 au 1,000. Maldivi sheria inakukomesha mita 30. Uliza kabla ya kununua tiketi.

Anayependa kuwa huru akija Mombasa afanye hivi. Siku ya kwanza aende na kiongozi mahali pepesi, mita 12 hadi 15, apime uzito wa kumzamisha. Mtungi wa aluminiamu ukikaribia kuisha huelea, kwa hiyo aliyezoea mitungi ya chuma huongeza uzito wa madini ya risasi, kilo 2 hivi, la sivyo atashindwa kusimama kwenye mita 5. Mwenye regyuleta, kifaa cha kuvutia hewa, ya kufunga kwa hesi abebe adapta. Kisha amuulize kiongozi maji yanapwa saa ngapi leo. Mwenyeji wa kweli hajibu kwa kufungua simu. Amuulize pia, mkondo ukiwa mkali tunakwenda wapi badala yake? Asiye na mahali pa pili atakupeleka pa kwanza hata pakiwa pabaya. Aombe kuona mtungi wa oksijeni ya dharura botini, na geji yake. Akiridhika, siku zinazofuata akodi boti na nahodha, apewe maelezo ya asubuhi, ashuke na mwenzake.

Nina ombi kwa wenye boti mliokuja. Kiongozi anayelipwa kwa kila mbizi, siku boya limezama, anachagua kati ya usalama wa wageni na unga wa nyumbani kwake. Mlipeni siku yake hata boti ikirudi bila mtu kulowa. Nanyi wazamiaji, mnapoweka nafasi, ulizeni kama analipwa hivyo, kisha ndipo mtoe pesa zenu.