Kompyuta ya Kuchezea kwa Dola 300 Hapa Lushi: Tuanze na Alimantasio

MADO: Jambo yenu nyote mnaotusikiliza, wa Lushi, yaani Lubumbashi yetu, wa Likasi, wa Kolwezi na wa mbali zaidi. Leo ni kompyuta ya mezani ya kuchezea, kwa mtu ambaye makuta yake yanaishia dola 300. Skrini tuseme anayo, hata kama ni televisheni ya nyumbani. Yaya Ngoie, twende moja kwa moja dukani. Mtu anaingia butiki, anaonyeshwa boksi lenye kioo ubavuni na taa za rangi, anaambiwa: "Hii i7, ramu 16, leta 280." Afanye nini?

NGOIE: Aombe namba nzima ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Neno i7 peke yake halisemi kitu. Tarakimu zinazofuata kistari ndizo zinazotaja kizazi: i7-2600 ni kizazi cha 2, ya mwaka 2011. i5-8500 ni kizazi cha 8, ya mwaka 2018. Hiyo i7 ina kori 4, yaani sehemu 4 zinazofanya kazi kwa pamoja, hiyo i5 ina kori 6. Tena ile ya zamani haina AVX2, maagizo yaliyoingia kwenye prosesa za Intel mwaka 2013. Kuna michezo mipya ambayo ikiyakosa haifunguki kabisa. Unabonyeza, dirisha linatokea, linapotea, na wewe unabaki kudhani umepakua vibaya.

MADO: Hapo Windows pia inaingia.

NGOIE: Inaingia sana. Windows 10 iliishiwa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na TPM 2.0, sehemu ya usalama ya mashine. Na mchezo kama Valorant, ukiwa kwenye Windows 11, unadai TPM 2.0 na Secure Boot, ulinzi wa wakati mashine inawaka, viwe vimewashwa, la sivyo haukuingizi. Kwa hiyo kizazi cha 8 ndicho mstari wangu. Cha 6 na cha 7 bado kinacheza GTA V bila taabu, lakini kinunuliwe kwa bei ya kitu kinachoelekea mwisho.

MADO: Hizo taa na kioo?

NGOIE: Makuta ya taa yaende kwenye kadi ya grafiki, ile inayochora picha za mchezo. Mimi namwambia mtu wa dola 300 atafute okazio ya ofisi, yaani mashine iliyokwisha kutumika: Dell OptiPlex, HP EliteDesk au ProDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine zilizotengenezwa zikae zimewashwa kutwa nzima, na zikitoka kwenye makampuni huwa hazijachezewa ndani. Ila zinakuja kwa maumbo matatu, na watu wengi wanakosea hapo hapo. Kuna ile ndogo kama kitabu kinene: iache, haina pa kuweka kadi. Kuna ile nyembamba, wanayoiita SFF: inapokea kadi fupi peke yake, zile zenye bati la nusu kimo, na kadi hizo ni adimu na muuzaji anajua. Kuna mnara, wenye kimo kamili. Chukua mnara.

MADO: Hata kama ile nyembamba ni rahisi zaidi kwa dola 20?

NGOIE: Hata kwa 30. Ukifika kwenye kadi utazilipa hizo 30 na nyingine juu yake.

MADO: Sasa tufungue mlango wa pembeni. Macho yaende wapi kwanza?

NGOIE: Kwenye alimantasio. Lile boksi la chuma linaloingiza umeme, lina karatasi imebandikwa. Soma wati. Minara hii ya ofisi mara nyingi ina wati 240 au 260, na nyembamba ziko kwenye 180 au 200. Namba hiyo ndiyo inayokuchagulia kadi, mfuko wako unakuja nyuma yake. Piga hesabu: prosesa ya i5-8500 imepangiwa wati 65. Kadi mama, yaani bamba kuu linalobeba vyote, na ramu, diski na feni, weka 30 au 40. Tundu la kadi ya grafiki, kwa kanuni yake, linatoa wati 75 na haliongezi. Jumla inakuja kama 180. Kwenye alimantasio ya 240 unabaki na nafasi ya kupumua.

MADO: Kwa hiyo kadi isizidi wati 75, na isiwe na tundu la waya wa ziada.

NGOIE: Ndiyo. GTX 1650 ya GB 4 ni wati 75. Lakini igeuze uitazame kwa juu, maana kuna watengenezaji waliotoa 1650 yenye tundu la pini 6, na hiyo mnara wa ofisi mara nyingi hauna waya wake. Kuna GTX 1050 Ti, ya mwaka 2016, nayo wati 75. Inacheza, ila NVIDIA, mtengenezaji wake, ilimaliza kuitolea draiva za michezo, yaani programu za kuiendesha, Oktoba 2025, imebakiziwa masasisho ya usalama tu. 1650 ni ya ukoo unaofuata, bado inahudumiwa. Tofauti ya bei ikiwa ndogo, usisite.

MADO: Na kadi ya RX 6400? Watu wanaiulizia kwa sababu ni mpya na haili umeme.

NGOIE: Inakula wati 53 tu, ni kweli. Shida yake ni njia. Inatumia njia 4 za PCIe, lile tundu linalounganisha kadi na kadi mama, na ilitengenezwa kwa PCIe ya 4. Mashine hizi za okazio ni PCIe ya 3, kila njia inapitisha nusu yake. Mchezo ukijaza zile GB 4 za kadi, kadi inaanza kuchota kwenye ramu kupitia mlango mwembamba, na picha inakwama-kwama. Kwenye mashine ya zamani, 1650 ni salama zaidi.

MADO: Yaya, kuna wale wanaosema: nitaweka kadi ya RX 580, ina GB 8, nitanunua kiunganishi cha kutoa umeme kwenye waya wa diski.

NGOIE: Hapo nataka tukae kidogo, kwa sababu ni moto. RX 580 inaomba wati 185. Kile kichwa bapa cha waya wa diski, cha SATA, kina pini 3 za volti 12, kila moja ampea 1 na nusu. Hesabu: ampea 4 na nusu mara 12 ni wati 54. Tundu la pini 6 la kadi lina haki ya kuvuta 75. Kichwa cha SATA kinachemka, plastiki inalainika, pini zinasogeleana. Haitokei siku ya kwanza. Inatokea kwenye wiki ya tatu, kadi ikiwa imefanya kazi saa mbili mfululizo na wewe uko jikoni. Usifanye hivyo.

MADO: Basi abadilishe alimantasio yote, aweke ya wati 500.

NGOIE: Angalia kwanza kichwa kinachoingia kwenye kadi mama. Kompyuta ya kawaida ina kichwa kirefu cha pini 24. Dell na HP za ofisi zina vichwa vyao, vya pini 6 au 8. Alimantasio ya sokoni haiingii bila kiunganishi cha aina hiyo hasa, na mara nyingine hata matundu ya skrubu hayalingani. Halafu zile za wati 500 za bei ya chini kabisa: ishike mkononi. Ikiwa nyepesi kama debe tupu, na kwenye karatasi volti 12 imeandikiwa ampea 15 au 18, basi hiyo ni alimantasio ya wati 200 iliyovaa namba ya 500. Zidisha ampea za volti 12 kwa 12, utapata ukweli wake.

MADO: Umesema kadi. Mimi niongeze habari ya kadi za uongo, maana zipo. Unakuta kadi ya zamani sana, kama GTS 450, imebadilishiwa programu yake ya ndani ili Windows iitaje kama GTX 1050 Ti. Ukiiwasha inaonyesha jina zuri. Ukianza mchezo, inaganda au skrini inazima. Njoo na ufunguo wa USB wenye GPU-Z na CPU-Z, programu za kutambua kadi na prosesa, hazihitaji intaneti. GPU-Z ikigundua, inaandika FAKE mbele ya jina. Alama nyingine ni tundu la VGA, lile la bluu: chipu ya 1050 Ti haina VGA ya asili. Ukiliona, chunguza mara mbili.

NGOIE: Na CrystalDiskInfo, ya kupima afya ya diski, kwenye ufunguo huo huo. Diski ya zamani ikionyesha rangi ya njano, usiihesabu kwenye bei. Tena mfumo usikae kwenye diski ya kuzunguka. Weka SSD, diski isiyozunguka.

MADO: Ya kiasi gani? FC 25, mchezo wa mpira, peke yake inaomba GB 100.

NGOIE: GB 480 au 500. Ya 240 itabeba Windows na mchezo mmoja mkubwa, halafu utaanza kufutafuta. Ile diski ya zamani ikiwa nzima, iache ndani ibebe filamu na nakala za michezo.

MADO: Nakala ni jambo la maana hapa kwetu. GB 100 kwa bando la simu ni makuta mengi. Kama jirani ana mchezo huo huo wa Steam, lile duka la michezo la mtandaoni, na wewe umeulipia kwenye akaunti yako, nakili folda yake kwa diski ya nje, iweke ndani ya steamapps, kisha common. Halafu agiza Steam isakinishe. Itakuta mafaili yapo, itayakagua, itapakua yanayopungua tu.

NGOIE: Vizuri. Ramu: mbili za GB 8. Moja ya 16 inapitisha data kwa njia moja, mbili zinapitisha kwa njia mbili kwa pamoja. Kama mashine imekuja na moja ya 8, tafuta ya pili ya kasi ile ile.

MADO: Sasa kuiweka kadi yenyewe.

NGOIE: Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili chaji iliyobaki iishe. Gusa chuma cha boksi, hasa wakati wa kiangazi, hewa kavu inajaza umeme tuli mwilini. Toa lile bati la nyuma, sukuma kadi kwenye tundu refu mpaka isikike tik, funga skrubu. Halafu, ndugu zangu, waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi, usiuache kule juu kwenye kadi mama. Wengi wanalipia kadi, wanacheza kwa grafiki ya prosesa, wanalalamika kadi ni mbovu.

MADO: Ikiwaka bila picha?

NGOIE: Toa ramu, futa meno yake kwa kifutio safi cha penseli, irudishe mpaka pande zote mbili zijifunge. Sukuma kadi tena. Betri ya CR2032 kwenye kadi mama ikiwa imekufa, ibadilishe, maana saa ikipotea na mipangilio ya BIOS, programu inayoamsha mashine, inapotea.

MADO: Kuna atakayesema, mimi sitaki okazio, nataka mpya nijenge mwenyewe.

NGOIE: Basi prosesa ya Ryzen 5 5600G. Kori 6, wati 65, na grafiki iko ndani yake, haihitaji kadi siku ya kwanza. Kadi mama ya A520 au B550, ramu mbili za 8 za DDR4-3200. Hapo ramu mbili ni lazima kabisa, kwa sababu grafiki inakopa ramu hiyo hiyo. Ukichukua kadi mama ya B450, muulize muuzaji kama BIOS imesasishwa kwa Ryzen 5000, la sivyo haiwaki. Na usichanganye na 5500, hiyo haina grafiki. Itacheza eFootball na Valorant. Michezo mizito ingoje kadi. Ila kwa dola 300 mpya kila kitu, pamoja na kinga ya umeme, utabanwa.

MADO: Kinga ya umeme. Delestaji ya Lushi, ukataji umeme wa zamu, tunaijua.

NGOIE: Umeme ukikatika, mara nyingi hauui. Unaoua ni ule unaorudi, na mitaa ambayo volti inapanda na kushuka usiku. Kwenye dola 300, toa 50 kabla hujafikiria kadi. Regilatere ya mita ya sindano, ya kusawazisha volti, au onduleri ya VA 650, boksi lenye betri. Hiyo onduleri inabeba kama wati 360, betri yake ni ya volti 12, ampea-saa 7, inakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima. Si ya kuendelea kucheza.

MADO: Na ile swichi nyekundu nyuma ya alimantasio za zamani?

NGOIE: Ibaki kwenye 230. Kuna wanaoisogeza 115 wakidhani itasaidia umeme mdogo. Umeme ukirudi na 220 yake, alimantasio inapasuka palepale.

MADO: Mvua zikianza, radi nazo. Chomoa umeme, na waya wa intaneti pia, maana nao unaleta radi ndani. Jambo langu la mwisho ni plagi. Mashine nyingi zinazopita mpaka wa Kasumbalesa au kutoka Dubai zina plagi ya pini 3 za Uingereza. Watu wanaweka adapta ya bei ndogo, inalegea, inachemka, na waya wa ardhi unapotea. Waya wa kompyuta unachomoka nyuma. Nunua mwingine wenye plagi ya duara ya hapa kwetu, ule ule wa skrini na printa.

NGOIE: Na kibodi ikija ya QWERTY, usiitupe. Kwenye Windows ongeza lugha ya kibodi hiyo. Michezo mingi inakuja imepangwa kwa herufi za WASD za kutembea, na kwenye AZERTY, kibodi ya Kifaransa, vidole hivyo hivyo viko ZQSD. Ubadilishe ndani ya mipangilio ya mchezo kabla ya mechi, si katikati yake.

MADO: Mgawo wako wa dola 300, yaya?

NGOIE: Mnara wa kizazi cha 8 wenye ramu na SSD, usivuke 150. Kadi, usivuke 90. Umeme, 50. Kumi zinazobaki: waya, brashi, na pasta ya kupitisha joto, maana ile iliyo chini ya feni ya prosesa ina miaka mingi na imekauka. Tone moja la ukubwa wa punje ya mchele linatosha.