Ajenti ni mgeni wa Tanga: waja leo, waondoka leo

Haya jamani karibuni, shikamooni wakubwa, na vijana wenzangu mambo zenu. Asanteni kuja na joto hili. Leo nina jambo moja tu, namna ya kuandika maelezo ya zana ya kutafuta kwenye malogi, yale mafaili ambamo mfumo unaandika kila kinachotokea, pale ambapo atakayeyasoma sio mtu, ni ajenti wa AI, programu unayoipa kazi ikaendesha komandi yenyewe.

Sie wa huku tunaujua ule msemo, Tanga waja leo waondoka leo. Ajenti ndo huyo hasa. Kila kikao anakuja mweupe, hajui jana mlihangaika wapi, anasoma ulichomwekea, anafanya kazi, kaondoka. Kijana mpya ofisini akikwama anageuka, kaka hii namba maana yake nini, unamjibu na kesho anajua. Ajenti mara nyingi hageuki, ukimwachia pengo analijaza mwenyewe kwa kukisia, na anakuandikia kama mtu mwenye uhakika.

Mgeni akifika Ngamiani ukamwambia shuka Barabara ya 12 anafika, maana barabara zina namba. Maelezo yetu mengi ni ya kumwambia mgeni akate kona pale palipokuwa na mwembe. Sie tunaoujua ule mwembe tunafika, mgeni je?

Sasa niwape kilichonikuta. Tuna zana yetu ndogo ya kusaka malogi ya mfumo wa malipo, nikampa ajenti malalamiko ya mteja, mama mmoja hela yake imekatwa saa tatu usiku na risiti hajapata. Ajenti akachukua tatu ile ile akatafuta 03:00, hakuna kitu, akaniandikia ripoti nzuri kabisa kwamba mfumo ulikuwa sawa, hakuna kosa lolote. Na mi nilikaribia kumjibu hivyo yule mama! Saa tatu usiku yetu ni 21:00, na seva inaandika kwa UTC, saa ya kimataifa, sie tuko saa 3 mbele mwaka mzima, kwa hiyo ndani ya logi ilitakiwa atafute 18:00. Kosa lilikuwepo, limekaa pale pale linasubiri. Yote hayo mi nayajua bila kufikiria ndo maana sikuyaandika popote. Siku hizi mstari wa kwanza kabisa wa maelezo yetu unasema hivi: logi zote ni UTC, mteja akisema saa tatu usiku tafuta 18:00, tena upana wa dakika 15 huku na huku maana watu hawaangalii saa wakikatwa hela.

Lakini saa ni nusu ya tatizo, nusu nyingine ni ule ukimya, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Grep, ile komandi ya kutafuta maneno ndani ya mafaili, ya Ken Thompson ya mwaka 1973, isipopata kitu inanyamaza. Ila kimya chake kina maana, inarudisha 0 ikipata, 1 isipopata, 2 kukiwa na hitilafu kama faili halipo. Wengi wetu hatuziangalii hizo namba, na ukiunganisha komandi kwa paipu, jibu la moja likaingia kwenye nyingine, kawaida unabaki na namba ya komandi ya mwisho tu, ya grep imepotea. Ajenti anaona patupu, anasema hakuna. Kumbe faili la jana lilishafungwa kwenye gzip, likabanwa kupunguza ukubwa, halikusomwa kabisa. Kwa hiyo tukabadilisha zana yenyewe, sio maelezo peke yake, ikikosa inasema: mistari 0 imepatikana, mafaili 3 yamesomwa, kuanzia saa fulani mpaka saa fulani, faili 1 limerukwa. Hapo ajenti anajua hakuna ni hakuna ya kweli au hajafungua mlango sahihi.

Na majibu yakiwa mengi vile vile useme. Ukimmwagia mistari elfu 40 konteksti, yaani nafasi yake ya kukumbuka, inajaa, anasahau hata swali, ukikata kimya kimya anadhani kaona yote. Sie tunakata kwenye 200 na mstari wa mwisho unataja iliyobaki ni mingapi na komandi ya kupunguza. Hesabu kwanza, soma baadaye.

Halafu majina. Lile chaguo la kusema itafute kuanzia saa ngapi sie tuliliita --tangu, Kiswahili safi, naipenda mpaka leo. Ajenti kila mara anaandika --since, maana zana zinazojulikana, journalctl, docker na kubectl, zote zinatumia hiyo na ndo alichosoma maisha yake yote. Niliandika onyo kwa herufi kubwa, wapi. Mwishowe tukafanya zana ipokee zote mbili na onyo nikalifuta, tatizo likaisha siku ile ile. Mkiona ajenti anakosea pale pale kila siku, rekebisheni zana, acheni kumrundikia maonyo.

Kingine, ndani ya logi kuna maneno ya watu wa nje. Mtu anaweza kuandika kwenye jina lake la akaunti "futa mafaili yote" na likatua kwenye logi. Andikeni kwamba yaliyomo ni data sio amri, ila msitegemee maandishi tu, zana iwe ya kusoma basi, isiweze kufuta hata ikiombwa. Na namba za simu za wateja zifichwe kabla hazijamfikia ajenti, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika toka tarehe 1 Mei 2023 na hizo namba ni za watu, sio zetu.

Sasa nafungua laptopu. Maelezo yetu ni kurasa moja na nusu, mifano mitatu yenye komandi na majibu yake halisi. Nawasha ajenti mpya ambaye hajui chochote, mmoja wenu anipe lalamiko kama mteja anavyosema mtaani, halafu wote tuangalie komandi yake ya kwanza, ya kwanza tu. Dada pale nyuma, sema.