Kikombe cha Kijani

ATIENO: Karibuni tena, wasikilizaji wetu, kutoka hapa Kisumu. Mwalimu Wanjala ameshaikunjua mezani karatasi yake ya mafunzo matatu kuhusu talaka na watoto, lakini kabla hajaisoma nina jambo la Jumamosi ambalo halijanitoka moyoni.

WANJALA: Lieleze, dada yangu. Naona umeweka kikombe juu ya karatasi yangu.

ATIENO: Kikombe hicho ndicho jambo lenyewe. Mnakumbuka kwamba ndoa ya dada yangu ilivunjwa mahakamani, na kwamba kwa amri ya hakimu mtoto hukaa na mama yake siku za shule, kisha nusu ya likizo huwa kwa baba yake Nakuru. Safari hii nilimpeleka mimi kwa matatu. Ana umri wa miaka 8. Tulipofika Kericho alisikia kiu, akatoa mkobani kikombe hiki cha plastiki, ambacho amekikwaruza jina lake chini kwa ncha ya bikari. Nikamwuliza, "Kwani kwa baba hakuna vikombe?" Akanijibu, "Vipo, lakini ni vya wageni."

WANJALA: Alisema vya wageni?

ATIENO: Neno kwa neno. Baada ya Salgaa alisinzia, nikakitia kwenye mkoba wangu kisianguke, na pale steji ya Nakuru tukaagana kwa haraka, kikarudi nami Kisumu. Usiku baba yake akanipigia simu: mtoto alikuwa amekataa chai. Baba anaamini mama ndiye aliyemfundisha kudharau vyombo vyake, na dada yangu naye anasema kikombe ni ushahidi kwamba mtoto hapendi kwenda huko. Hakuna aliyemwuliza mwenyewe. Mimi nakituma Nakuru leo jioni.

WANJALA: Ningekuwa wewe, ningekipeleka kwa mama yake akikute akirudi.

ATIENO: Likizo bado ina wiki mbili, Mwalimu.

WANJALA: Najua. Wasikilizaji wanajua pia kwamba wanangu wawili wako Kakamega na mama yao, na kwamba mwaka wa kwanza nilidai tuwagawane wiki kwa wiki. Binti yangu akawa anafika shuleni na daftari za wiki iliyopita, kwa sababu zile alizozihitaji zilibaki katika nyumba nyingine; siku moja mwalimu wake alimkuta amesimama nje ya darasa akilia kwa ajili ya kitabu cha hesabu. Niliondoa ombi langu mwenyewe. Tangu hapo ninaamini kwamba mtoto anastahili nyumba moja ambamo kikombe chake kina mahali pake rafuni, na mzazi wa pili akubali kuwa mgeni mwema.

ATIENO: Hapo sikubali hata kidogo. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wake, kikisema kwamba mama na baba wana wajibu sawa, wawe wameoana au hawajaoana. Tukimfanya baba mgeni, tumempunguzia mtoto haki yake.

WANJALA: Kinasema wajibu sawa, Atieno, hakisemi siku sawa. Ada, hospitali, nguo na ushauri ni wajibu, na vyote vinawezekana bila kumhamisha mtoto. Kifungu hicho hicho kinaweka maslahi bora ya mtoto mbele katika kila jambo linalomhusu.

ATIENO: Basi aulizwe. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inataka matakwa ya mtoto yazingatiwe kulingana na umri na ukomavu wake.

WANJALA: Yazingatiwe, ndiyo. Afisa wa watoto anaweza kuzitembelea nyumba zote mbili, akaketi naye, akaiandikia mahakama ripoti. Lakini kumtaka mtoto wa miaka 8 achague kati ya mama na baba ni kumtwika mzigo uliowashinda watu wazima wawili.

ATIENO: Sijasema achague. Nasema baba yake aambiwe anunue kikombe kimoja, amkabidhi mtoto na bikari, amwache akwaruze jina lake. Nyumba ya pili huwa nyumba kwa namna hiyo, na haiwi kamwe ikiwa kila mtu anamwona baba kama mgeni. Mwalimu, nasema kwa heshima: nahofia umeyazoea maumivu yako hadi unataka kuyafanya kanuni.

WANJALA: Sijayazoea. Kila Jumapili jioni barabara ya kurudi kutoka Kakamega ni ndefu kuliko asubuhi. Lakini binti yangu ana vitabu vyake vyote, na sibadilishi neno langu.

ATIENO: Wala mimi.

WANJALA: Fundi wa mitambo anatuonyesha dakika mbili. Mafunzo yangu matatu, yaani mkataba wa jukumu la wazazi, kiapo cha mapato na ombi la matunzo, pesa za kumlea mtoto, yamebaki yote kwenye karatasi.

ATIENO: Hayaingii katika dakika mbili. Niseme tu kwa mama aliyetuandikia wiki jana kwamba baba halipi matunzo: matunzo ni haki ya mtoto, na kumwona baba yake ni haki ya mtoto pia, kwa hiyo usimzuie hii kwa sababu ile haijalipwa. Rudi kwa hakimu aliyetoa amri. Sasa niache nikimbie, ofisi ya vifurushi hufungwa saa kumi na mbili.

WANJALA: Bado nasema kingekwenda kwa mama yake.

ATIENO: Nami bado nakipeleka Nakuru. Una gazeti nikifungie?

WANJALA: Chukua hii karatasi ya mafunzo. Na juu yake uandike jina la mtoto, si la baba yake.