Njia za Ndege Juu ya Atlantiki

SALMA: Karibu tena, msikilizaji. Leo tuko futi 35,000 juu ya bahari ya Atlantiki. Kaka Hamisi, wiki nzima umekuwa ukinitumia ramani tu.

HAMISI: Jambo lenyewe limenishika, dada. Kila siku zaidi ya ndege elfu moja zinavuka kati ya Ulaya na Amerika Kaskazini. Mchana nyingi zinaelekea magharibi, usiku zinarudi mashariki, na zote zinataka kupita palepale.

SALMA: Na bahari yote ile ilivyo pana?

HAMISI: Ni pana, lakini kule juu kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi. Anayekwenda London anautafuta umsukume, anayekwenda New York anaukwepa. Februari 2020 ndege ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa chini ya saa tano.

SALMA: Safari ya saa sita na zaidi!

HAMISI: Ndiyo hiyo. Sasa, upepo huo hautulii mahali pamoja, kwa hiyo njia zinachorwa upya kila siku. Mashirika ya ndege yanaeleza kwanza yangependa kupita wapi. Kisha kituo cha kuongoza ndege cha Shanwick, kilichoko Prestwick, Uskoti, kinapanga njia za mchana, na Gander ya Kanada inapanga za usiku.

SALMA: Hapo tulia kidogo. Ndege zikifuatana kwenye njia moja zinaachanishwaje, na rada haifiki katikati ya bahari?

HAMISI: Kwa miaka mingi ilikuwa ni redio. Rubani anataja alipo, saa ngapi, kimo gani, na atafika wapi baadaye. Mwongoza ndege hamwoni, anamsikia tu, kwa hiyo lazima aache nafasi kubwa, kama dakika kumi hivi. Tangu 2019 setilaiti zinapokea ishara za ndege hukohuko baharini, na zenye vifaa vinavyotakiwa zinaweza kufuatana kwa chini ya maili 20 za baharini. Na tangu 2022, ukiruka futi 33,000 kushuka chini, hakuna tena njia za kupangiwa. Unaomba njia inayokufaa, na matumizi ya mafuta yanapungua.

SALMA: Mimi kilichonigusa ni ile habari ya kusogea kulia.

HAMISI: Ieleze wewe, dada.

SALMA: Siku hizi mitambo ya kuelekeza ndege imekuwa sahihi mno, hadi ndege zinapita mstari uleule kabisa, moja juu ya nyingine, zikipishana kwa futi 1,000 tu. Mmoja akikosea kimo, ni hatari. Basi marubani wanaruhusiwa kusogea kulia kwa mstari, hadi maili mbili za baharini, bila kuomba kibali.

HAMISI: Kulia tu, si kushoto. Na anayetikiswa na hewa iliyovurugwa na ndege ya mbele anamwita mwenzake kwenye masafa ya redio ya 123.45, wanakubaliana nani asogee.