Programu huria za kuhifadhi nakala: anza na siku ya kurejesha

Hamjambo nyote, na karibuni Kisumu wale mliotoka mbali. Mliosimama kule nyuma, viti viko huku mbele. Msiogope, hakuna atakayeitwa ubaoni.

Nimeombwa niseme ni programu gani huria, yaani yenye msimbo ulio wazi kwa wote, iliyo bora kwa kuhifadhi nakala za simu na kompyuta. Naona humu kuna wapiga picha za harusi, walimu, wenye saiberi na makatibu wa vyama, na najua mnataka jina moja muandike mwende zenu. Majina nitawapa. Ila nataka muyapime kwa swali moja: siku laptopu imekufa, na aliyeitengeneza programu hii hapatikani tena, vitu vyangu vitatoka vipi? Watu huangalia jinsi vitu vinavyoingia: kitufe kikubwa, alama ya kijani, asilimia mia. Mimi huangalia vinavyotoka.

Tuanze na yale yanayotupata huku kwetu. Aliyekulia Kakamega au Kisii hahitaji kufundishwa habari za radi. Mvua ya alasiri inaanza, stima inapotea, na ikirudi inarudi na nguvu ya kuchoma kila kilichochomekwa. Diski ya akiba ikiwa imeunganishwa na kompyuta wakati huo, zinakufa pamoja. Vile virusi vinavyofunga faili na kudai fidia, kama WannaCry ya Mei 2017, havikuachii diski iliyochomekwa, kwa sababu hufunga chochote kompyuta inachokifikia. Na mwizi naye hachagui. Anabeba begi lenye laptopu na diski ikiwa mfukoni mwa begi hilo hilo. Kwa hivyo ukimaliza kunakili, chomoa, weka kabatini.

Mtaniambia wingu, yaani kuweka nakala kwenye kompyuta za mbali kupitia mtandao. Wingu ni zuri, lakini Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, mtandao ulitambaa nchi nzima. Hata siku ambazo mambo ni shwari, fanya hesabu. Mpiga picha mwenye gigabaiti 200, kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde isiyokatika hata mara moja, atangoja kama saa 44 kuzirudisha. Bibi harusi hangoji saa 44. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeeneza kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali. Kwetu hiyo ni laptopu, diski kabatini, na nakala nyingine mbali, iwe wingu au diski kwa dada yako Maseno.

Sasa majina. Kwenye kompyuta, ya kwanza kwangu ni restic, iliyoanza kutolewa mwaka 2015. Inafunga kila kitu kwa nywila, na haihifadhi kipande kile kile mara mbili, kwa hivyo nakala ya kila siku haijazi diski. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Muundo wa hazina yake, yaani folda inamoweka nakala, umeelezwa hadharani, na wapo watu wengine waliotengeneza programu tofauti, rustic, inayosoma hazina ile ile. Restic ikitoweka kesho, vitu vyangu vina njia nyingine ya kutoka. Ubaya wake ni kwamba unaandika amri kwa mkono, na hapo nusu ya ukumbi huu nimeshaipoteza.

Kwa hiyo katibu wa chama nampa Kopia. Ina madirisha na vitufe, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, nayo pia hufunga kwa nywila. Duplicati pia ina sura rahisi, inafunguka ndani ya kivinjari. Mwenye Ubuntu, aina moja ya Linux, aangalie Déjà Dup kabla hajahangaika na mengine. Borg ni imara sana, lakini kwenye Windows itakusumbua, basi tuiache.

Hebu tazameni ukutani. Hii ni Kopia. Nimechagua folda ya rejista ya wanachama, nimeielekeza kwenye diski hii nyeusi, nimeweka nywila. Imemaliza. Wengi huishia hapa wakafunga laptopu. Mimi sijaanza. Naiambia irejeshe rejista peke yake, si mahali pake pa zamani bali kwenye folda mpya, tupu. Nafungua faili. Naangalia jina la mwisho na jumla ya michango. Vinalingana. Sasa nachomoa diski, naipeleka kwenye laptopu ya jirani ambayo haijawahi kuiona Kopia, naisakinisha, naweka nywila, narudia. Ikifaulu huko, ndipo naamini. Programu ikikushinda kwenye zoezi hili, iache hata kama inasifiwa vipi.

Na nywila yenyewe, iandike kwenye karatasi uiweke pamoja na hati ya shamba. Ukiisahau hakuna ofisi ya kupigia simu. Hata waliotengeneza hawawezi kukufungulia.

Syncthing nayo huulizwa sana, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Ilianza mwaka 2013, inahamisha picha kutoka simu hadi kompyuta bila kuziweka kwenye seva ya mtu, na mkiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani haili bando. Lakini hiyo ni ya kulinganisha folda. Mtoto akifuta picha kwenye simu, na kwenye kompyuta zinafutika. Lazima uwashe kule kompyuta sehemu ya kutunza matoleo ya zamani, kisha Kopia ipite nyuma yake. Mwaka 2024 programu yao rasmi ya Android ilisitishwa. Picha za watumiaji hazikufungiwa ndani yake, kwa sababu Syncthing haibadilishi faili zako: picha inabaki picha kwenye folda ya kawaida. Na kwa kuwa msimbo uko wazi, tayari kulikuwa na Syncthing-Fork iliyoendelea. Hiyo ndiyo faida ya programu huria ninayoilipia kwa muda wangu. Kutolipa pesa ni nyongeza.

Msichukulie kwamba uwazi ni kinga ya kila kitu. Machi 2024 mlango wa siri ulikutwa ndani ya xz, programu ndogo huria inayotumika karibu kila mahali kwenye Linux. Mhandisi wa programu, Andres Freund, aliugundua kwa sababu aliona kuingia kwenye mashine kunachelewa kwa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Mwingine angelaumu mtandao akanywa chai. Alipoingiwa na shaka aliweza kuchimba hadi mzizi, maana msimbo ulikuwa mbele yake.

Simu ni ngumu zaidi, nisiwadanganye. Seedvault inahifadhi programu na data zake, lakini sharti ije ndani ya mfumo wenyewe wa simu, kama LineageOS, mfumo huria uliojengwa juu ya Android. Hamuwezi kuisakinisha kwenye simu mlizonazo mfukoni. Neo Backup inadai simu iliyofunguliwa mamlaka yote, na simu ya biashara sikushauri uifanyie hivyo.

Naam, mama, sema. Anauliza meseji za M-Pesa. Swali zuri, maana kwa wengi wenu ndicho kitabu cha mauzo. Iko programu kwenye F-Droid, duka la programu huria za Android, iitwayo SMS Import / Export. Inatoa meseji, namba na orodha ya simu zilizopigwa kama faili unayoweza kuinakili popote. Ifanye kabla hujampelekea fundi simu, kwa sababu neno la kwanza la fundi ni “tuiflashi”, yaani aifute na kuipakia mfumo upya.

WhatsApp si huria, ila kwenye Android huweka nakala yake ndani ya simu, na Syncthing inaweza kuichukua folda hiyo. Kuirejesha kunadai namba ile ile ithibitishwe, kwa hiyo simu ikiibwa, laini ndiyo ya kushughulikia kwanza.

La mwisho, flashi za barabarani. Hii imeandikwa terabaiti 1 na bei yake haifiki ya kuku. Jana niliipima kwa F3, programu huria ya Linux inayojaza flashi kisha kuisoma tena. Ilikubali kuandikwa hadi mwisho bila kulalamika. Kusoma sasa: zilizorudi salama ni gigabaiti chache, zilizobaki zimepotea. Kopia haina kosa hapo.

Haya. Wenye laptopu, meza ya kushoto, na diski zenu. Wenye Android, meza ya kulia. Waliokuja na flashi za bei ya kuku, mnione mimi kwanza.