Michezo ya wafanyakazi wa hoteli: anzeni na kitanda

Jambo yenu wote, mayaya na wadogo zangu wa Lubumbashi. Leo, kutoka hapa Paris, naongea na ninyi mnaofanya kazi hotelini: mapokezi, jikoni, vyumbani, na walinzi wa mlangoni.

Tarehe 24 Machi 2024 wahudumu wa mikahawa wapatao 200 walishindana katika mitaa ya jiji hili, kilomita 2, sinia mkononi. Juu ya sinia: kroasa, kikombe cha kahawa na glasi ya maji. Mkono mmoja tu, na kukimbia marufuku. Mashindano haya yana mizizi tangu 1914, ila yalikuwa yamelala tangu 2011. Ninachokipenda ni kwamba mchezo umetoka ndani ya kazi yenyewe.

Kwetu patron, yaani mwenye hoteli, akitaka kufurahisha watu, analeta kasiye za sukre (kreti za soda) na hotuba. Jikoni wanakaa na jikoni, mapokezi na mapokezi. Kesho ugomvi ni uleule: mapokezi wanadai chumba, wa vyumbani wanaona wanasukumwa.

Basi anzeni na shindano la kutandika kitanda. Kila kundi ni watu wawili: mmoja wa vyumbani, mwingine ambaye kazi yake si kutandika, awe mpishi, mlinzi au mhasibu. Wape shuka mbili, blanketi, mito miwili na foronya. Guvernante, yaani msimamizi wa watu wa vyumbani, ndiye mwamuzi, na saa ya simu inatosha.

Kona ndiyo inayoamua. Chomeka shuka chini ya godoro upande wa miguu. Shika ukingo unaoning'inia, kama sentimita 40 kutoka kona, uupandishe juu ya godoro mpaka utoke pembetatu. Kipande kinachobaki chini, kichomeke. Shusha pembetatu, ichomeke nayo. Asiyezoea huharibu hata kabla ya kona: anavuta shuka upande wake ili awahi, mstari wa katikati unahama, na mwenzake anabaki na shuka isiyofika chini ya godoro. Kwa hiyo linganisheni katikati kwanza, ndipo mchomeke. Mkunjo unaoonekana, ongeza sekunde 5. Mdomo wa foronya ukitazama mlango, 5 nyingine. Aliyebana mto kwa kidevu ili auvishe foronya, 10, maana mgeni atalaza uso wake hapohapo. Mpishi akishatoka jasho kwenye kona nne, hatauliza tena kwa nini chumba kinachelewa.

Tafadhali, tumieni shuka zilizokwisha kuondolewa vyumbani, tena ndani ya ukumbi. Wakati wa kiangazi vumbi letu jekundu likishika shuka nyeupe, watu wa kufua ndio wanaoumia.

Mchezo wa sinia: mita 20 kwenye sementi kavu, glasi sita za plastiki zenye maji na chupa moja iliyofungwa. Chupa ikae katikati, juu ya kiganja, vidole vimetanuliwa. Wekeni vituo vitatu, na kila kituo mbebaji atoe glasi moja. Hapo ndipo sinia nyingi huanguka: mtu anatoa glasi zote za upande mmoja, uzito unahamia upande wa pili, sinia inapinduka. Atoe kushoto, kisha kulia. Wahudumu wa mgahawa wawaonyeshe wengine kwanza.

Saa nzuri ni kati ya 9 na 10 na nusu alasiri, vyumba vimekwisha na chakula cha jioni hakijaanza. Wawili wabaki mapokezi. Wa zamu ya usiku wapangiwe siku yao, msiwaamshe. Na makundi yasiitwe Mazembe na Lupopo, timu zetu za mpira zenye upinzani mkali, mnajua wenyewe mambo yatakakofika.

Zawadi ipewe kundi zima: siku ya mapumziko ni bora kuliko bahasha ya pesa inayogawanywa kwa manung'uniko. Na muda wa mchezo uhesabiwe ni muda wa kazi. Patron akitaka watu waje kucheza siku yao ya kupumzika, kataeni kwa heshima, mpange siku nyingine.