Brauni Haitaki Hewa

Karibuni, na mniwie radhi kwa harufu. Trei imeingia kwenye oveni sasa hivi, kwa hiyo nikikatiza maneno na kukimbia jikoni, mjue kunani.

Brauni, kile kitamutamu kizito cha kakao kinachokatwa vipande vya mraba, ni ya Marekani. Hoteli ya Palmer House ya Chicago husimulia kwamba ilizaliwa jikoni kwao mwaka 1893, wakati wa maonyesho ya dunia, Bertha Palmer, mke wa mwenye hoteli, alipoagiza kitamutamu kidogo cha kufungia akina mama kwenye visanduku vya chakula. Ugomvi wa nani alianza nawaachia Wamarekani. Mimi nina ugomvi wangu: huku kwetu tunaipika kama keki.

Keki inataka hewa. Unapiga siagi na sukari mpaka mkono uchoke, unatia beking pauda, inaumuka. Brauni haitaki hewa. Inataka mafuta mengi, sukari nyingi, unga kidogo. Ya kwanza niliyopika niliitia beking pauda vijiko viwili, nikaiacha motoni dakika 45 kwa kuogopa ubichi. Mwanangu aliuma kipande akaniuliza, "Mama, hii ni ya juzi?"

Vipimo vya leo, kwa chombo cha mraba cha sentimita 20: siagi gramu 125, sukari gramu 200, kakao gramu 60, mayai 2, unga wa ngano gramu 70, chumvi robo kijiko cha chai, vanila kidogo. Nikisema siagi nasema siagi, si majarini. Na kakao iwe kakao tupu. Geuza kopo usome: sukari ikitajwa ya kwanza, hiyo ni ya kunywa. Inaniuma kidogo hapa, maana Kyela, kule Mbeya, Tanzania, wanalima kakao, na nyingi inaondoka nchini ikiwa mbegu kavu.

Yeyusha siagi kwa moto mdogo, mimina juu ya sukari, kakao na chumvi ingali moto. Koroga. Mchanganyiko utakuwa kama mchanga uliolowa; msiogope. Ukipoa ukawa vuguvugu, tia vanila na yai moja moja, na hapa ndipo pa kutumia nguvu: piga kama dakika nzima mpaka ung'ae. Sukari inayoyeyuka ndani ya mayai ndiyo inayofanya kile kigozi cha juu, chembamba kama ganda la kitunguu, kinachopasuka ukikigusa. Unga uje mwisho, na mkono ulegee. Weupe ukipotea, acha. Ukizidi kukoroga, unga unavutika na brauni inakuwa ngumu.

Oveni nyuzi 175, dakika 20 hadi 25. Kijiti cha keki hutoka kikavu. Cha brauni kitoke na makombo yanayonata. Kikitoka na uji, rudisha. Kikitoka kikavu, umechelewa, tafuta maziwa ya kushushia. Chombo chenyewe kina moto, kinaendelea kuivisha hata kikiwa mezani.

Dada pale nyuma ananiuliza, asiye na oveni? Shoga, bibi zetu walioka mkate wa kumimina kwa mkaa, makaa mengi juu ya kifuniko, chini machache. Fanya vivyo hivyo: sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, chombo chako juu ya mchanga, funika, palia makaa. Muda siwezi kukupa, kila jiko na tabia yake. Kuanzia dakika ya 20 uwe na kijiti mkononi.

Hapo tayari, nasikia harufu imebadilika. Naitoa, naiweka dirishani, na kisu nakificha mimi. Ikikatwa ya moto itabomoka yote. Tuipe saa nzima. Vipande vya pembeni, vyenye ukingo mgumu, msigombanie. Viwili ni vyangu.